Mpaka Mwakani, Bibi Burgi

"Choo kiko wapi?" Kerstin aliuliza, kidole chake kikipita juu ya picha ya mlima kwenye kompyuta. "Wameonyesha baa, wameonyesha bwawa la maji moto, wameonyesha hata mahali pa kuogeshea mbwa. Choo hawakionyeshi."

"Mlima ni mlima," alijibu Gernot, mumewe, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya viazi. "Mimi nilijisaidia nyuma ya misonobari utoto wangu wote na sikufa."

"Wewe hukuvalishwa suti ya theluji yenye zipu tatu ukiwa na miaka miwili, unalia 'sasa hivi, mama, sasa hivi'."

Gernot alijaza kinywa viazi, maana yeye ndiye aliyezifungua zipu hizo za mwanawe mdogo mwaka jana, na hakuwahi.

Mambo haya yalikuwa jikoni kwa akina Haslinger, mjini Steyr, mwezi wa kwanza, likizo ya shule ya mwezi wa pili ikikaribia. Huku kwetu wiki hiyo familia isipokwenda kuteleza kwenye theluji, majirani huuliza kuna msiba gani. Gernot hutengeneza mabasi ya mji. Kerstin huuza mikate. Walikuwa na Vroni wa miaka sita na Valentin wa mitatu, na kila mwaka swali la waende wapi lilikuwa halipo, kwa sababu jibu lilikuwepo kabla hawajaoana. Gernot alikuwa akienda Oberlehen, kijiji cha mlimani, tangu ana miaka tisa, kwenye nyumba ya wageni ya Bi Notburga Ebner, ambaye hamwiti jina lingine ila Shangazi Burgi, ingawa damu yao haikukutana popote.

"Nataka mahali pasipo na lifti ya kukokota," alisema Kerstin. "Basi. Siombi mbingu."

"Mchagua jembe si mkulima, Kerstin."

"Na mimi si mkulima. Mimi ni mama yake Vroni. Oberlehen ndiko alikoburutwa."

Vroni alikuwa sakafuni akimvisha mdogo wake soksi mikononi. Aliposikia jina la Oberlehen aliinuka akaenda chumbani. Hakukimbia. Alitembea tu, kama mtu mzima aliyekumbuka shughuli yake.

Lifti ya Oberlehen ni ya kizamani. Waya unazunguka juu, na kwenye waya zimening'inia nanga za mbao. Unaiweka nanga nyuma ya makalio, inakusukuma kupanda mlima ukiwa umesimama juu ya mbao zako za kutelezea. Mwaka jana nanga ilinasa koti la Vroni. Alianguka, na lifti ikaendelea kumburuta kifudifudi, uso ukilima theluji, mpaka Lois, mtoto wa Bi Burgi aliyekuwa zamu pale, alipobonyeza kitufe cha kuisimamisha. Hakuvunjika hata ukucha. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chekechea walipowapeleka watoto wote mlimani, Vroni peke yake alibaki jikoni na mpishi akimenya viazi. Kerstin alipokwenda kumchukua, mpishi alimsifu, "Ana mkono mwepesi huyu," na Kerstin alicheka, akashukuru, akaingia kwenye gari akalia. Mtoto wa huku asiyeteleza ni sawa na mtoto wa pwani asiyeogelea: hakuna anayemtukana, lakini kila mtu humwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo inayouma.

"Dada yangu Elke ametualika Sonnkogel, mlima huu wa kwenye picha," alisema Kerstin kwa sauti ya chini. "Kuna uwanja wa watoto. Kuna zulia linalokwenda lenyewe, mtoto anasimama tu, linampandisha. Walimu kwa kila umri. Nimesoma maoni ya watu, yote ni mazuri."

"Maoni yameandikwa na watu wenye pesa."

"Tutalipa taratibu. Gernot, nakuomba. Mwaka mmoja. Akiogopa na mwaka huu, ataogopa maisha yake yote."

Gernot aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa mazoea, na mazoea kwake yalikuwa ni kitu kama dini. Lakini alimpenda mwanawe kuliko dini hiyo.

"Haya," alisema. "Sonnkogel."

"Shangazi Burgi utamwambia wewe."

"Nitampigia kesho."

Hapa ndipo pabaya. Kwa Bi Burgi hakuna anayeandika kuomba chumba. Siku ya kuondoka, mwenye familia husimama kizingitini, hushikana naye mkono na kusema, "Mpaka mwakani." Imekwisha. Chumba ni chenu, na hata aje tajiri na begi la hela, atajibiwa kimejaa. Kwa kuwa neno lilitoka mdomoni, ni mdomo tu unaoweza kulirudisha. Gernot alikuwa amelisema neno lile mwezi wa pili uliopita, Vroni akilia ndani ya gari. Na mwaka huu ulikuwa wa ishirini na tano. Kijiji humpa mgeni wa miaka ishirini na tano beji ya dhahabu, na Bi Burgi alikuwa ameanza kuizungumzia tangu mwaka wa ishirini.

Alishika simu gereji, akaiweka. Akaishika chooni, akaiweka. Kerstin alipomuuliza, alijibu, "Nimempigia. Amesema hakuna neno." Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe akiwa mwanzoni mwake huiona inafika mbali.

*

Sonnkogel palikuwa pazuri, sitasema uongo. Vyoo vilikuwa vingi, vya joto, na Kerstin aliona haya kwa furaha aliyoipata kwa kuviona. Elke aliwapokea kwenye roshani ya fleti aliyowatafutia karibu na yake. Mumewe ni daktari wa meno, na watoto wao walikuwa wamevaa suti za rangi moja, kama timu ya taifa.

"Hivi Vroni bado anavaa hilo koti?" Elke aliuliza, wageni wengine wakisikia. "Mdogo wangu, mbona hukuniambia? Nina mfuko mzima wa nguo za mwanangu Konstantin, nilikuwa nazipeleka kanisani kwa maskini."

"Koti lina joto, dada," alisema Kerstin.

"Lina joto, ndiyo. Lakini huku watu wanatazamana."

Kerstin aliuchukua ule mfuko. Aliuchukua akasema ahsante, kwa kuwa Elke alikuwa amewatafutia fleti, na mtu akikushika mkono huwezi kumwambia ameukaza mno. Jioni hiyo ya Jumamosi simu ya Gernot ilitetemeka mara kadhaa mezani. Aliigeuza kifudifudi.

"Nani?"

"Kazini," alisema. Akaenda kumwogesha Valentin, ambaye alikuwa ameshaogeshwa.

Jumapili asubuhi Vroni alipelekwa kwenye uwanja wa watoto. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu, lakini watoto walikuwa wengi kuliko mikono yake. Alimuuliza Vroni umri, si hofu yake, akampanga na wa miaka sita. Konstantin alikuwa kundi hilohilo. Lile zulia lilikuwepo kweli, refu, jeusi, likipanda lenyewe kama alivyoahidi Kerstin. Vroni alilitazama. Hata alisogea. Muziki ukafunguliwa kwenye spika, na kutoka nyuma ya kibanda akaja dubu mkubwa wa manyoya, mtu ndani yake, akipunga mikono na kuwasukuma watoto mmojammoja waingie kwenye zulia, kwa mapenzi kabisa.

Alipomfikia Vroni na kumshika begani kwa nyuma, mtoto alipiga ukelele uliowanyamazisha wote.

"Huyu ni yule aliyeburutwa!" alisema Konstantin. Watoto walicheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama watoto. Vroni alisimama pale juu ya mbao zake, na wote waliona theluji ikigeuka rangi kati ya buti zake.

Walipoitwa, Kerstin na Gernot walimkuta amekalishwa kwenye ukumbi wa mapokezi juu ya mfuko wa plastiki, ili asilowanishe kiti. Msichana wa mapokezi alikuwa mpole. Alisema wazazi warudi wakiwa wametulia, na mtoto ajaribu tena wiki ijayo. Wiki ijayo wangekuwa Steyr, lakini Kerstin alimshukuru na yeye. Siku hiyo alikuwa ameshukuru sana, na kila shukrani ilimpunguza kidogo.

"Si kila mtoto ana kipaji," alisema Elke mlangoni pa fleti. "Wengine ni wa kuchora picha. Usijilaumu."

"Sijilaumu, dada."

Alijilaumu. Yeye ndiye aliyechagua. Gernot aliingia bafuni kufua suti ya Vroni iliyolowa kwa mikono, wala hakusema "nilikwambia", na Kerstin aliona ni afadhali angesema. Hapo ndipo simu ilipolia mezani, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa Kerstin.

"Gernot! Mwanangu! Mko hai?" Sauti ilikuwa ya Bi Burgi, na nyuma yake ng'ombe mmoja alisikika akilalamika. "Tangu jana nakupigia. Nimewapigia polisi wa barabarani, wamesema hakuna ajali. Nimepigia hospitali ya bondeni. Nimeipasha ile supu mpaka chapati zilizomo zimekuwa uji!"

Kerstin aliishika meza. "Shangazi Burgi, ni mimi, Kerstin. Tu wazima. Hakukupigia?"

"Kunipigia nini?"

Bafuni maji yalinyamaza. Gernot alitokea mlangoni, suti ya mwanawe ikidondoka mikononi mwake, akamtazama mkewe akiwa na uso wa mtu aliyesikia breki zimekatika.

"Shangazi," alisema Kerstin polepole, "tuko Sonnkogel. Tulikuja huku kwa ajili ya Vroni, kwa sababu ya ile lifti. Gernot alitakiwa akuambie. Aliniambia amekuambia. Sina cha kujitetea. Tumekuweka roho juu siku nzima, na vyumba vyako vimelala bure. Nisamehe."

Ng'ombe peke yake aliendelea.

"Na mtoto?" aliuliza Bi Burgi mwishowe. "Ameteleza?"

"Amejikojolea, Shangazi. Mbele za watu." Na hapo Kerstin, aliyewashukuru watu siku nzima bila chozi, alilia.

"Basi sikiliza. Vyumba vipo. Sijampa mtu, ningempaje mtu, kwani Gernot si alinipa mkono? Njooni."

"Lakini lifti..."

"Lifti ipo palepale, na kutu yake. Mimi sikuiti kwenye lifti, naita watu kwenye supu. Mwambie huyo mume wako nikimkamata nitamvuta sikio."

"Amesikia," alisema Kerstin. Alikuwa ameweka sauti kubwa makusudi.

Alipokata simu, Gernot alianza, "Nilishindwa, Kerstin. Kila nikishika simu namwona amesimama kizingitini..."

"Mtu mzima! Unafungua injini ya basi zima, neno moja linakushinda kulitoa!"

"Linanishinda."

Kerstin alitaka kukasirika zaidi, lakini ile suti ilikuwa imemlowanisha Gernot soksi zote mbili na mwenyewe hakuwa ametambua. Alikwenda kuchuchumaa mbele ya Vroni, aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka puani. "Vroni wangu, twende nyumbani, au twende kwa Bibi Burgi?"

"Ile nanga ipo?"

"Ipo. Hutaipanda. Hakuna atakayekuambia uipande."

Vroni alifikiri. "Paka yupo?"

"Yupo."

"Dubu?"

"Kule hakuna dubu. Dubu wa kule waliisha kabla babu hajazaliwa."

Hela ya Sonnkogel hawakurudishiwa hata senti. Elke alisema wanatukana ukarimu wake, na labda alikuwa na haki. Mfuko wa nguo waliuacha roshani, umekunjwa vizuri.

*

Bi Burgi alikuwa mlangoni na aproni yake ya buluu. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono mikubwa kuliko ya Gernot. Alimvuta sikio kama alivyoahidi, akamwita punguani, kisha akamkumbatia, yote kwa mwendo mmoja. Kwa Vroni hakusema lolote juu ya theluji. Alimwambia tu, "Paka amelala kitandani kwako. Nimemkataza, hasikii."

Supu ya Oberlehen ni mchuzi wa nyama wenye chapati laini zilizokatwa nyembamba kama tambi. Ilikuwa imepikwa upya. Walipokuwa wakila, aliingia Lois, mwanaume wa makamo asiyependa maneno, kofia mkononi. Alisalimu, akakaa pembeni, akamtazama Vroni, akatazama sahani.

"Mwambie," alisema mama yake.

"Kesho," alisema Lois.

"Amekuwa akitembea na hilo jambo mwaka mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, na sasa anasema kesho."

Asubuhi Lois aliwaongoza nyuma ya ghala la majani makavu. Pale palikuwa na kijilima, kidogo mno kuitwa mlima, ambako ndama hulala kiangazi. Juu yake ulikuwa umelazwa ule mkanda wa kupandishia majani ghalani, mrefu, unaoendeshwa kwa umeme. Lois alikuwa ameung'oa, akaulaza chini, akapunguza mwendo wake mpaka ukawa wa kobe. Juu ya mkanda alikuwa ameshona zulia la korido ya juu, lile lenye maua mekundu ambalo Gernot alilikanyaga tangu ana miaka tisa.

"Zulia langu!" alisema Gernot.

"Sakafu ya juu sasa ina baridi," alisema Bi Burgi. "Vaeni soksi."

Lois alichuchumaa mbele ya Vroni. Alisema kwa shida, akiitazama theluji. "Mwaka jana ulipoanguka, nilikuwa nawasha sigara. Nilichelewa kubonyeza. Nimeacha sigara. Na hiki..." Alimpa kisanduku kidogo chenye waya mrefu na kitufe chekundu. "Hiki ni cha kusimamisha. Ushike wewe. Hapa wewe ndiye mwenye zamu."

Vroni alikishika kwa mikono yote miwili. Alimtazama Lois, akautazama mkanda, akamtazama baba yake.

"Baba, panda."

"Mimi?"

"Panda."

Gernot alivaa mbao zake akasimama juu ya maua mekundu, mtu mzima wa kilo tisini na ushee, na mkanda ukaanza kumpandisha ukilalamika. Alipofika katikati, Vroni alibonyeza. Mkanda ukasimama ghafla na Gernot akaenda chini kwa makalio.

Vroni alicheka. Kicheko hicho Kerstin hakuwa amekisikia mlimani mwaka mzima, na alijikuta amemshika Bi Burgi mkono bila kujua ni mkono wa nani.

"Tena!" alisema Vroni.

Alimpandisha baba yake, akamsimamisha. Akampandisha Valentin na mama yake, akawasimamisha. Akampandisha Bi Burgi bila mbao, na buti za zizini, akamsimamisha kwa heshima zaidi, taratibu. Alimpandisha Lois akamwacha juu mpaka alipoomba radhi kwa sauti. Asubuhi nzima ilipita hivyo, na hakuna aliyemwambia sasa zamu yako. Hata Gernot, ambaye ulimi ulimwasha, alipofungua mdomo alikutana na jicho la mkewe, akaufunga. Zilikuja keki za Bi Burgi zenye jamu ya plamu, zikaliwa palepale juu ya mabando ya majani.

Siku ya pili yake, baada ya kumwangusha baba yake mara nyingine kadhaa, Vroni alikitazama kile kisanduku kwa muda.

"Mama, shika wewe. Nikisema simama, unabonyeza?"

"Nabonyeza."

"Huwashi sigara?"

"Sijui hata inavyowashwa."

Alivaa mbao zake. Akasimama juu ya zulia. Kerstin aliweka dole gumba juu ya kitufe, na kama kuna sala ya kitufe basi aliisali. Mkanda ulikwenda. Katikati Vroni alisema, "Simama," na Kerstin akabonyeza saa hiyohiyo. Mtoto alikaa pale, akihakikisha. Akasema, "Nenda." Mkanda ukaenda. Akasema, "Simama," ukasimama. Alifika juu kwa vituo vingi kuliko basi la baba yake. Kule juu aligeuka, akapanua miguu nyuma, ncha za mbao zikikutana kama kipande cha piza, kama alivyofundishwa zamani, akateremka kijilima cha ndama mpaka kifuani mwa Gernot.

"Umeona?" alimwambia. "Mama habonyezi ovyo."

Gernot alimbeba, mbao na yote. Alilia wazi, mbele ya Lois, na Lois akaona ni vyema akakague waya wa umeme.

*

Ijumaa jioni, ukumbini kwa zimamoto, bwana mmoja wa ofisi ya wageni ya kijiji alisimama na kisanduku cha beji. Tarumbeta mbili zilipulizwa. Akamwita Gernot Haslinger, mgeni mwaminifu wa miaka ishirini na tano.

Gernot alikwenda mbele, lakini mkono hakuunyoosha. "Kabla hujanipa," alisema, "ni haki ujue. Wiki hii tumefika Jumapili. Jumamosi tulilala Sonnkogel. Na sikuwa nimemwambia Shangazi Burgi hata neno."

Ukumbi ulinong'ona. Lile jina la Sonnkogel pale halitajwi kwa urahisi. Yule bwana alishika shingo yake. Kanuni, alisema, inataka wiki kamili. Mwaka wenye pengo hauhesabiki. Alisikitika kweli, alikuwa na hotuba ndefu mfukoni.

"Mpe bwana, usiku mmoja tu!" alisema mtu wa nyuma.

"Asipewe," alisema Bi Burgi kwa sauti. "Aipate mwakani, ikiwa mwakani atakuja. Supu yangu imekuwa uji!" Watu walicheka, na Gernot alicheka kuliko wote. Alirudi kukaa bila beji, akamwambia Kerstin sikioni kwamba hajawahi kujisikia mwepesi hivi, na Kerstin alimwamini.

Jumamosi mizigo iliingia garini. Kerstin alilipa wiki nzima pamoja na ule usiku ambao hawakuwepo. Bi Burgi aliikataa noti ya usiku huo, wakaivutana kizingitini mpaka Valentin akaichukua akaitia mdomoni, na Bi Burgi akasema haya, sasa naipokea, imeshalowa. Kisha Kerstin alisema alichokuwa amekibeba. "Shangazi, wiki hii nimesema ahsante kwa watu wengi, kwa adabu tu. Hii ni ya kweli. Ulimwonea mwanangu uchungu kabla sijakuomba, ukang'oa zulia lako. Sitasahau."

"Zulia lilikuwa kuukuu," alisema Bi Burgi, akafuta jicho kwa aproni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ukafika wakati wa mkono. Bi Burgi alisimama kizingitini kama kila mwaka, akaunyoosha kwa Gernot. Gernot aliushika. Akafungua mdomo. Neno lilikuwa palepale kwenye ulimi, la miaka yote, lakini hakulitoa. Alimtazama Kerstin. Kerstin naye hakusema; alikuwa ameshachagua mara moja mwaka huu, ikamtosha. Bi Burgi alingoja, wala hakumsaidia mtu, ingawa mkono wake ulianza kulegea ndani ya mkono wa Gernot.

Vroni alikuwa tayari amefungwa mkanda garini. Aliufungua. Alishuka, akapita katikati ya wazazi wake, akautoa mkono wa baba yake na kuuweka wake mahali pake, mdogo, wenye glavu iliyoloa.

"Mpaka mwakani, Bibi Burgi," alisema.

Bi Burgi aliutikisa mkono ule mara moja, kwa nguvu, kama anavyotikisa wa watu wazima. "Chumba ni chako," alimwambia. "Akija tajiri, nitamwambia kimejaa."